Wasichana Hawakujitokeza

Chuoni,
19 Novemba 2023

Mpendwa Mjomba Ezekieli,

Shikamoo. Na Mama Nathan shikamoo yake umfikishie. Natumaini mko wazima hapo Ulemo na kwamba mvua za kwanza zimeshagusa mashamba. Huku hatujambo. Nathan ni mzima. Juzi wamemchagua nahodha wa timu ya wanaume ya chuo, nadhani atakuandikia mwenyewe, kwa hiyo akikuambia wewe shangaa kama hujasikia.

Nimekupigia simu mara tatu. Mara ya mwisho nilikuuliza habari za mguu wa Mama Nathan, ukanijibu, "Wapo, wawili wameuzwa." Nikajua ulikuwa unaongelea ng'ombe. Mama alishaniambia kuwa masikio yako yamezidi kuziba, na ujumbe wa simu huwezi kuusoma kwasababu herufi ni ndogo. Basi nitakuandikia kwa mkono, herufi kubwa. Kondakta wa basi la Mwanza ataacha barua Misigiri, dukani kwa Chediel. Nawe ukijibu mwachie Chediel.

Sasa lililonifanya niandike. Mwaka huu wa tatu ndio wa kufanya utafiti, na mada yangu imekubaliwa: kulinganisha soka la wanaume na soka la wanawake hapa chuoni. Nani anafundishwa na nani, anacheza kwenye uwanja upi, saa ngapi, anasafiri vipi, akiumia anatibiwa na nani. Unajua mimi mwenyewe nachezea timu ya wanawake, kiungo. Msimamizi wangu, Dk. Alute, ameniambia nisilete kilio. Alisema, "Usilinganishe machungu, linganisha saa."

Anataka pia sura ya kwanza ieleze wasichana wa kwetu walianzaje kucheza mpira. Hapo ndipo nikakukumbuka, kwasababu Mama alishawahi kuniambia, mara moja tu, kwamba mwaka 1994 ulikuwa na timu ya wasichana shuleni ulikofundisha na yeye alikuwa kipa. Nilipomuuliza iliishaje, alifunika sufuria akasema, "Muulize mjomba wako."

Basi nakuuliza, Mjomba. Timu ile iliishaje?

Mpwa wako,
Damari


Ulemo,
10 Desemba 2023

Mpwa wangu Damari,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na alama ya mafuta ya taa, lakini inasomeka. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kusema. Tangu masikio haya yaanze kunikimbia, watu wananisalimia kwa kupunga mkono kama vile niko ndani ya gari linaloondoka.

Mguu wa Mama Nathan unaendelea vizuri, anatembea mpaka kanisani na kurudi. Mvua zimeanza. Uwele tumeshapanda, alizeti tunasubiri mwezi ujao. Ng'ombe ni kweli wawili wameuzwa.

Umeandika "kwasababu" mara mbili kama neno moja. Ni maneno mawili. Usinifanye nione haya mbele ya Dk. Alute.

Mada yako ni nzuri. Nakushauri uanze na vitu vinavyohesabika kwa vidole, maana hesabu haina ndugu. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema hulijui. Kuhusu historia, naweza kukueleza jinsi mpira ulivyoingia huku kwetu, mashindano ya shule za msingi, na wavulana wetu waliofika ngazi ya mkoa mwaka 1991. Nina hata picha.

Kuhusu wasichana, yale ni mambo ya zamani na hayakudumu. Sidhani kama yatakufaa kitu.

Nathan hajaniandikia. Msuli wake wa paja umepona? Mwambie nahodha hapigi kelele, anaonyesha kwa mkono.

Mjomba wako,
Ezekieli


Chuoni,
28 Januari 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya, ingawa mwezi wenyewe unaisha. Krismasi sikuja nyumbani kwa sababu (maneno mawili) nilibaki kuhesabu. Mama anasema Ilongero mvua ni nzuri mwaka huu na alizeti zake zimeota vizuri. Pole na shughuli za kupalilia.

Nimefanya kama ulivyosema, nimeanza na vidole. Ofisi ya fedha walinikatalia vitabu vyao, basi nikachukua daftari na saa ya mkononi nikakaa uwanjani wiki sita. Wanaume wanafanya mazoezi siku nne kwa wiki, saa kumi jioni, kwenye uwanja mkubwa wenye nyasi. Sisi tuna siku tatu, saa kumi na mbili asubuhi, nyuma ya tangi la maji, kwenye uwanja wa changarawe unaoteremka. Timu inayoshambulia kuelekea tangini inapanda mlima. Wao wana kocha mkuu, msaidizi, kocha wa makipa na daktari wa timu. Sisi tuna Kocha Aneth, ambaye ni mfanyakazi wa maktaba na anatufundisha kabla ya kwenda kufungua milango. Jezi zetu ni zile walizozivua wao misimu miwili iliyopita. Tuna namba tisa watatu.

Mwezi huu kipa wetu aliteguka kifundo cha mguu. Tulimpakia kwenye bodaboda kwenda zahanati, mimi nikiwa nimemshikilia kwa nyuma. Siku hiyohiyo jioni winga wa wanaume naye akateguka. Daktari alikuwa na barafu mkononi kabla hata hajaanguka vizuri.

Lakini nataka niwe mkweli kama ulivyonifundisha. Nao hawali asali. Wakisafiri wanalala sakafuni madarasani, na kwenye mazoezi wanahudhuria karibu wote, wakati sisi tukiwa ishirini na tatu kwenye orodha, wanaokuja ni kumi na mmoja, siku nyingine tisa.

Na hapa ndipo nimekwama. Ofisi ya michezo walinipa faili la miaka sita. Kila mwaka ambao timu ya wanawake ilipunguziwa kitu, kama siku ya mazoezi, safari au kocha msaidizi, sababu iliyoandikwa ni ileile, kwa neno lilelile: "Wachezaji hawakujitokeza." Hakuna aliyeandika kwa nini. Ukisoma faili lile unaweza kudhani wasichana ni watu wa kuitwa wasiitike.

Ndiyo maana narudia swali langu. Timu yako ya 1994 ilikuwa na wasichana wangapi? Walijitokeza? Iliishaje?

Damari


Ulemo,
3 Machi 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Ndege wameshambulia uwele, tunashinda shambani tukipiga madebe, na mimi nimewekwa upande wa juu kwa sababu kelele hazinisumbui. Kisha tulikuwa na msiba wa mzee Joseph, jirani yetu. Tumemzika salama.

Utafiti wako unakwenda vizuri. Habari ya kipa imenisikitisha.

Neno hilo ulilolikuta kwenye faili usiliamini haraka. Anayeliandika mara nyingi ndiye anayejua zaidi ya alichoandika. Nasema hivyo kama mwalimu wa zamani, basi.

Barua yako haina hata mstari mmoja kuhusu Nathan. Nimemwandikia, akanijibu kwenye karatasi ya daftari: "Baba, mzima, nitaandika vizuri baadaye." Mwanangu haandiki kwa ufupi hivyo. Kuna nini?

Mjomba wako,
Ezekieli


Chuoni,
24 Machi 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Poleni na msiba. Mzee Joseph alikuwa akinipa karanga kila nikipita kwake, sikujua kama anaumwa.

Umeniuliza kuhusu Nathan. Nilikuwa sitaki kuandika, lakini naona ukinyamaziwa unaanza kuhesabu mistari.

Hatusemeshani tangu katikati ya Januari. Mshauri wa wanafunzi amesikia habari za utafiti wangu akaniomba niusome mbele ya kikao cha tarehe ishirini Mei, kikao kinachopanga michezo ya mwaka ujao: uwanja, basi, daktari. Habari zikaenea kwamba Damari anataka kuwanyang'anya wanaume basi. Niliomba kumhoji Nathan kama nahodha, akakataa. Niliomba daftari la mahudhurio la timu yao, akakataa. Kisha akanikuta kantini, mbele ya watu, akasema, "Unataka timu yangu ife ili yako ipone?"

Nikamwambia, "Mimi nahesabu saa tu."

Akasema, "Hata baba yangu alikuwa na timu ya wasichana. Aliwapa mpira, aliwapa muda wake. Ikafa yenyewe kwa kukosa watu. Hawakujitokeza. Baba alinisimulia mwenyewe. Kwa hiyo usiniambie habari za uwanja."

Watu walicheka, Mjomba. Sikuwa na la kumjibu kwa sababu wewe hukunijibu.

Nimeanza kufikiria kubadili mada. Dk. Alute anasema bado naweza, nikimwambia kabla ya mwisho wa Aprili. Kuna mada ya lishe ya wanafunzi ambayo haimgusi ndugu yangu yeyote.

Nathan ni mzima wa mwili. Msuli umepona.

Damari


Ulemo,
14 Aprili 2024

Mpwa wangu Damari,

Marahaba. Nimeandika barua hii mara nne. Tatu za kwanza zilianza na habari za mvua. Hii haitaanza na mvua.

Usibadili mada.

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka thelathini na miwili, mwalimu wa michezo. Wasichana walikuwa wakinitazama nikiwafundisha wavulana, na siku moja mama yako, ambaye ni mdogo wangu wa mwisho na alikuwa akisoma palepale, akasema, "Mwalimu, na sisi." Shuleni aliniita mwalimu, hakuniita kaka. Wakaja kumi na wanne. Miezi minne hakuna hata mmoja aliyekosa siku moja. Walichota maji alfajiri ili jioni wawe huru. Walijishonea fulana kwa mifuko ya unga ya kitambaa, wakazipaka rangi ya njano, na mama yako akajitengenezea glavu kwa kipande cha blanketi.

Tukaalikwa Sabasaba, Singida mjini. Mechi mbili: wavulana na wavulana, wasichana na wasichana wa shule nyingine. Lori lilikuwa moja, na lingewatosha wote thelathini. Siku mbili kabla ya safari wajumbe wa kamati ya shule wakasema nao watakwenda, na wake zao, kutazama sherehe. Mwenyekiti akaniambia, "Hao wasichana wako watacheza nini huko, mwalimu? Wapunguze." Hakunitisha wala hakunilazimisha. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kugawa nafasi nusu kwa nusu. Ningeweza hata kwenda kwao nikawaambia ukweli, nao wangenichukia mwezi mmoja yakaisha.

Niliwakusanya chini ya bendera nikawaambia, "Imekuja barua kutoka wilayani. Mechi ya wasichana imefutwa."

Hapakuwa na barua.

Mama yako akauliza, "Barua iko wapi, mwalimu?"

Nikasema, "Nimeiacha ofisini."

Asubuhi ya safari walikuja hivyohivyo, na fulana zao, wakasimama pembeni kutuaga. Wakaimba mpaka lori likapinda kona.

Sasa sikiliza, maana hili sijamwambia mtu. Tulipofika uwanjani Singida, wale wasichana wa shule nyingine walikuwa wameshajipanga katikati, jezi za buluu, nywele zimesukwa mtindo mmoja. Mwamuzi akasubiri nusu saa. Kisha akapuliza filimbi, akawapa ushindi wa mezani. Hawakushangilia. Nahodha wao alinifuata pale nilipokaa akaniuliza, "Mwalimu, wenzetu wako wapi?"

Nikamwambia, "Hawakujitokeza."

Ndivyo neno hilo lilivyotoka. Niliporudi niliandika taarifa, na kwa kuwa nilikuwa nimeshalisema, nikaliandika. Mwalimu mkuu akaisoma, akasema kama hawajitokezi basi mpira wao wapewe wavulana. Sikumbishia. Wasichana nao hawakurudi kuniuliza. Mwaka uliofuata nikaomba uhamisho.

Nathan alipokuwa mdogo akaiona ile picha ya 1991 akaniuliza kama wasichana hawakucheza. Nilimwambia lile lililoandikwa. Nilikuwa nimelisema mara nyingi kiasi kwamba lilitoka bila shida.

Nimenakili barua hii yote kwa ajili yake na nimeituma leo pamoja na yako. Itumie katika utafiti wako utakavyo, na jina langu liandike.

Ombi langu ni moja. Mama yako hajui. Naomba usimwambie.

Mjomba wako,
Ezekieli


Chuoni,
26 Mei 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo.

Nimekaa na barua yako wiki tano bila kujibu. Siku ilipofika barua hiyo nilifua nguo zangu zote, hata zilizokuwa safi, nikazianika, nikazianua, nikafua tena mbili. Sikulia. Nilikuwa nikiwaona wale wa jezi za buluu zaidi hata ya Mama. Sijui kwa nini.

Mada sikubadili. Nitakueleza yaliyotokea kwa mpangilio, halafu nina neno langu mwishoni.

Siku tatu baada ya barua zako kufika, tukiwa mazoezini asubuhi, nilimwona Nathan amesimama kando ya tangi la maji na koti lake la timu. Hakusalimia. Alitazama kwa robo saa. Kisha akauliza, "Mko kumi na mmoja. Wengine wako wapi?"

Nikamjibu, "Njoo."

Nikampeleka bweni la wasichana. Maji kule yanafunguliwa saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja asubuhi, Mjomba, na wanafunzi ni mia tatu kwa mabomba manne. Wachezaji wetu saba walikuwa kwenye foleni, wamevaa viatu vya mpira, ndoo mkononi. Wengine walikuwa na kipindi cha maabara cha saa moja. Nathan alisimama pale akitazama zile ndoo. Akasema, "Mimi sijawahi kuamka saa hizi tangu nifike hapa." Mchana wake akaniletea daftari la mahudhurio la timu yao.

Ndilo lililonisaidia kuliko vyote. Mwaka juzi uwanja mkubwa ulikuwa unatengenezwa, na kwa wiki tatu wanaume walihamishiwa asubuhi, nyuma ya tangi. Mahudhurio yao yalishuka kutoka ishirini na wawili hadi tisa. Hakuna aliyewaandikia kwamba hawakujitokeza. Waliandikiwa: "Mazoezi yaliathiriwa na ratiba."

Siku ya kikao nilisoma kurasa zangu kumi na mbili. Dk. Alute alikuwa ameshanifuta sentensi mbili za hasira. Nilizihuzunikia, ila alikuwa na haki. Barua yako sikuisoma mbele yao. Niliiweka kwenye sura ya kwanza kwa maneno machache na jina lako, kama ulivyotaka. Nilipomaliza, mshauri wa wanafunzi akamgeukia Nathan. "Nahodha, unasemaje?"

Nathan akasimama. Alisema, "Lile basi la safari sitaki liwe lao, na sitaki liwe letu. Liende na timu yenye mechi ya mbali. Na sisi tukipangiwa saa kumi na mbili asubuhi, hatutajitokeza. Daftari ni hilo." Akakaa.

Tumepata jioni mbili kwenye uwanja mkubwa. Daktari wa timu ni wa wote. Basi litafuata mechi ya mbali. Jezi tumeahidiwa, hatujaziona. Kocha Aneth hajapewa msaidizi, na nilipomwambia pole alisema ameshazoea kufundisha na funguo za maktaba mfukoni. Jioni hizo tumeruhusiwa kuzianza wiki hiihii, na tumekuwa kumi na tisa.

Maneno yake yamemgharimu Nathan. Wenzake kadhaa hawamsemeshi, na mshambuliaji wao Ignas anamwita "nahodha wa akina dada." Anacheka, lakini namwona anavyokula peke yake. Siku hizi nakwenda kukaa naye.

Sasa neno langu. Sitamwambia Mama, kwa sababu umeniomba. Lakini sitakusaidia kumficha. Likizo naenda nyumbani Ilongero mwishoni mwa Julai, na akiniuliza nimeandika nini katika sura ya kwanza, nitampa aisome. Ni afadhali akusikie wewe kabla hajanisoma mimi.

Nakupenda, Mjomba. Wewe ndiye uliyenifundisha kutuliza mpira kabla ya kuupiga. Ndiyo maana imenichukua wiki tano.

Mpwa wako,
Damari


Ulemo,
30 Juni 2024

Mpwa wangu Damari,

Marahaba, mwanangu. Barua hii ni ndefu, kaa chini.

Niliondoka Ulemo Jumanne iliyopita. Mama Nathan alinifungia sukari, sabuni na kuku mmoja, akaniuliza naenda kuposa wapi. Singida mjini nikachukua bodaboda mpaka Ilongero. Nilimkuta mama yako uani, anapura alizeti, kilemba kimejaa makapi. Alinipokea vizuri, akanipa maji, akanionyesha kiti. Nikakataa kukaa. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kama nilivyokuandikia wewe. Sijui niliongea kwa sauti gani, maana mtu asiyesikia hajui sauti yake. Jirani alitoka mlangoni kuangalia kisha akarudi ndani, kwa hiyo nadhani nilipiga kelele.

Mama yako aliendelea kupura mpaka nilipomaliza. Kisha akaweka fimbo chini akasema kitu. Sikusikia. Akasema tena. Nikatoa daftari na kalamu nilivyokuja navyo, akaandika akiwa ameegemeza daftari kwenye goti.

Aliandika: "Nilijua tangu 1995."

Akaendelea kuandika: "Mwaka ule, kaka, kwaya yetu ilikwenda Singida kwenye mkutano wa kwaya. Nikalala chumba kimoja na msichana aliyeniuliza ninatoka shule gani. Nilipomtajia, akasema, 'Ninyi ndio mlioshindwa kuja. Tuliwasubiri.' Alikuwa nahodha wao."

Nikamuuliza kwa nini miaka ishirini na tisa hakusema. Akaandika: "Nilitaka uje na miguu yako."

Nikasema, "Nisamehe, Eliana." Alinitazama usoni. Mama yako ana macho ya baba yetu, hayapepesi. Kisha akachukua tena daftari akaandika mstari mmoja, akanigeuzia:

"Tulikuwa kumi na wanne. Umebakiza kumi na watatu."

Akageuza ukurasa akaanza kuorodhesha majina. Mpwa wangu, hakusita hata kwa jina moja. Anajua kila mmoja yuko wapi, ameolewa na nani, nani mjane, nani anaumwa kisukari. Walikuwa wakitafutana miaka yote, na mimi sikujua kwamba timu ile bado ipo. Alipomaliza akanipikia ugali na yule kuku. Tulikula bila kuandikiana.

Nilianza kesho yake. Rahabu, beki wa kushoto, alifariki mwaka 2011. Nilikwenda kwa binti yake, hapohapo Ilongero. Nilimweleza yote. Alisikiliza akiwa amebeba mtoto. Akaniomba daftari akaandika: "Mama hakuwahi kuniambia kwamba alicheza mpira. Alikuwa anacheza vipi?" Nilikaa pale mpaka jioni nikimweleza jinsi mama yake alivyokuwa akiteleza kuchukua mpira bila kumgusa mtu. Nilimwonyesha kwa kijiti ardhini. Sikutegemea swali hilo.

Ijumaa nikaenda Mkiwa kumtafuta Agripina, aliyekuwa mshambuliaji wetu wa kati. Anauza vitunguu njia panda, mabasi yanaposimama. Ni mama mnene sasa, mwenye sauti ambayo hata mimi niliisikia. Alinitambua kabla sijajitambulisha. Nilimweleza katikati ya mabasi mawili: akikimbia kuuza, nasubiri, akirudi, naendelea. Nilipomaliza, hakuniuliza kwa nini. Aliinama karibu na sikio langu la kulia, lile lililo afadhali, akapaza sauti:

"Na hao wavulana wako, mlishinda?"

Nilikuwa sijawahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote. Nikamjibu, "Tulifungwa nne bila."

"Ngapi?"

"Nne. Bila."

Agripina aliketi juu ya gunia la vitunguu akacheka mpaka akajishika mbavu. Wauzaji wenzake wakaja kuuliza kuna nini, akawaambia, nao wakacheka, bila kujua mechi ni ya mwaka gani. Nami nikacheka, mpwa wangu, nikiwa nimesimama palepale na kofia yangu mkononi, mzee mzima.

Kisha akaacha. Akajifuta macho kwa kanga, akanitazama, akasema kitu kwa sauti ya chini. Sikukisikia. Nilimpa daftari aandike. Akatikisa kichwa, akakataa kulishika, akanyanyuka kwa sababu basi lingine lilikuwa linaingia.

Sijui alisema nini. Njiani kurudi niliwaza sana kumwomba mama yako amuulize. Nimeona nisifanye hivyo. Ni lake, na alinipa kwa namna aliyotaka yeye.

Jumatatu nakwenda Kiomboi, wako wawili huko. Wamebaki kumi na mmoja.

Msalimie Nathan. Mwambie asile peke yake.

Mjomba wako,
Ezekieli